Mkimwuliza hali, subirini jibu la pili

Barua ya wazi kwa madaktari, wauguzi na wasaidizi wa madaktari wanaowapima askari wastaafu wa Marekani wanaodai fidia ya shingo

Waheshimiwa,

Mimi ni mzaliwa wa Kariakoo, Dar es Salaam, na sasa ni mkazi wa Texas, mke wa mtu aliyeendesha malori ya jeshi la Marekani huko Afghanistan. Jina lake sitalitaja. Nyumbani namwita Baba Salma, na humu nitamwita hivyo hivyo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu maumivu yake anayasema kwa Kiswahili, usiku wa manane, akidhani nimelala. Mtoto wetu Salma ataitafsiri barua hii kwa Kiingereza na nakala mtaipata. Lakini wauguzi waliozaliwa Afrika Mashariki ni wengi katika hospitali za nchi hii, na huenda hata miongoni mwenu wamo waliokuzwa kwa lugha hii. Nyinyi mtajua ninachotaka kusema kabla sijafika nusu ya barua. Nawaomba muwaeleze wenzenu.

Siku aliyopimwa nilikuwamo chumbani. Kliniki ilikuwa kati ya duka la matairi na saluni ya kucha, mojawapo ya zile zinazofanya kazi hii kwa kandarasi, maana siku hizi sehemu kubwa ya uchunguzi wa fidia haifanywi tena katika hospitali za Idara ya Masuala ya Maveterani. Chumba kilikuwa na kitanda kilichotandikwa karatasi, kompyuta, na kiti kimoja cha ziada ambacho niliruhusiwa kukikalia. Mpimaji akaingia, akatabasamu, akamwuliza: hali yako leo? Baba Salma akasimama, akatoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama alivyofundishwa na mama yake kule Pangani, akajibu: nzuri, namshukuru Mungu. Na shingo je? Ipo, inavumilika. Nikasikia kibodi inalia. Tulipokuja kuipata ripoti, mstari wake wa kwanza ulisema kwamba mdai anaeleza hali yake kuwa nzuri na kwamba maumivu yanavumilika.

Nimeufikiria mstari huo kwa miezi mingi. Hauna uongo. Maneno aliyasema yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Ila hayakuwa jibu la swali la daktari. Yalikuwa salamu.

Kwetu mtu akikuuliza hujambo, unajibu sijambo, hata kama umetoka kuzika. Ukienda hospitali kumtazama mgonjwa, umemkuta mguu umefungwa plasta mpaka pajani, utamwuliza anaendeleaje, naye atakwambia hajambo kidogo, leo afadhali ya jana. Hapo hakuna aliyedanganya na hakuna aliyedanganyika. Unavuta kiti, unakaa, unanyamaza kidogo, halafu unauliza tena kwa sauti ya chini: lakini hasa, unasikiaje? Ndipo mgonjwa anaposhusha pumzi na kuanza kusimulia. Jibu la kwanza ni la adabu, la pili ndilo la hali yake. Mpimaji wetu aliandika la kwanza, kisha akachukua kifaa chake.

Kifaa chenyewe nimekizoea sasa. Goniometa, kirula cha plastiki chenye mikono miwili inayofunguka kama mkasi, kinachosoma nyuzi. Kwa kanuni zenu shingo nzima huinama mbele nyuzi 45, hurudi nyuma 45, hulala bega la kulia 45 na la kushoto 45, hugeuka kulia 80 na kushoto 80. Jumla 340. Nimezikariri kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Shingo inayoinama mbele zaidi ya nyuzi 30 lakini haipiti 40 hupewa asilimia 10. Inayopita 15 lakini haipiti 30 hupewa asilimia 20. Inayoishia 15 au chini ya hapo, asilimia 30. Kwa hiyo kati ya uzi wa 30 na wa 31 pana ukuta, na aliyeko upande huu na aliyeko upande ule hawalipwi sawa, mwezi kwa mwezi, pengine mpaka kufa.

Baba Salma alipata nyuzi 35. Asilimia 10.

Nataka mjue nyuzi hizo 35 zilipatikanaje. Asubuhi ile nilimkanda kwa taulo lililochovywa maji ya moto, mara tatu, akameza vidonge viwili ili aweze kukaa garini dakika 50. Alipoambiwa ainamishe kichwa mpaka mwisho wa uwezo wake, aliisikia kama amri. Mtu huyu alitiwa jandoni akiwa na miaka tisa, akaambiwa mwanamume halii. Kisha akaingia jeshini, akaambiwa hayo hayo kwa Kiingereza. Akainama. Niliona mshipa wa shingo umesimama na jasho limemtoka juu ya mdomo, na chumba kilikuwa na kiyoyozi. Hakusema kitu, na mpimaji alikuwa anatazama nyuzi, hakumtazama usoni. Zoezi likarudiwa mara tatu kama fomu inavyotaka, na mara ya tatu akainama kwa nguvu kuliko ya kwanza, kwa sababu aliona anajaribiwa. Tuliporudi garini alishindwa kuvuta mkanda wa kiti. Nikamfunga mimi. Siku mbili zilizofuata hakutoka kitandani, na hizo hazimo katika ripoti.

Mtauliza shingo hiyo iliumia wapi.

Alikuja nchi hii kusoma. Mwaka 2008 Wizara ya Ulinzi ilitangaza mpango wa kuandikisha wageni wenye viza halali waliokuwa na taaluma ya tiba au lugha zilizohitajika na jeshi, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha. Aliyejiunga alipata uraia kwa haraka. Vijana wetu kadhaa waliingia kwa mlango huo kabla haujafungwa kwa waombaji wapya mwaka 2016. Lugha ndiyo iliyomwingiza; kazi aliyokabidhiwa ikawa udereva wa malori mazito katika misafara ya usiku.

Kofia ya vita ina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Mbele yake hufungwa darubini ya kuonea gizani, na kwa kuwa darubini huvuta kichwa mbele, wengi huongeza uzito nyuma ili kusawazisha. Hapo shingo imeongezewa mizigo mitatu, na kichwa cha mtu mzima chenyewe kina kilo tano hivi. Mama zetu hubeba ndoo ya lita 20 kichwani, wakatembea kilomita nyingi wakipiga soga, kwa sababu ngata huuweka mzigo katikati na shingo husimama wima chini yake kama nguzo. Kitu kinachoning'inia mbele ya paji la uso hakina nguzo. Misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia, saa sita, saa nane, juu ya barabara ya mashimo, ndani ya gari lisilo na huruma kwa mgongo wa mtu, huku fulana ya kuzuia risasi imekandamiza mabega. Fanyeni hivyo mwaka mzima. Kisha usiku mmoja lori la mbele likakanyaga bomu, yeye akafunga breki kwa miguu miwili, na kichwa chenye kofia na darubini kikaenda mbele, kikarudi nyuma.

Alishuka kuwasaidia wenzake. Kwa mganga wa kikosi alikwenda siku ya nne, shingo imekaza kama ubao, akapewa vidonge vya maumivu na kurudishwa kazini. Mstari mmoja tu katika kumbukumbu zake za matibabu. Mstari huo ndio uliomwokoa, maana ulithibitisha kwamba jeraha lilitokea kazini. Wapo ambao hawana hata huo. Dereva haendi kwa mganga wakati msafara unaondoka saa mbili usiku, kwa sababu akienda yeye, mwenzake aliyekesha jana ndiye atakayeshika usukani. Miaka kumi baadaye faili linafunguliwa, halina kitu, na mmoja wenu anaandika kwamba hakuna kumbukumbu, kwa hiyo mabadiliko yanayoonekana kwenye eksirei ni ya umri.

Waheshimiwa, mtu wa miaka 38 hana shingo ya mzee kwa sababu ya umri tu. Na sheria mnaijua, au mnapaswa kuijua. Katika kesi ya Buchanan, mwaka 2006, mahakama ilisema kwamba kukosekana kwa karatasi za hospitali za wakati ule hakutoshi peke yake kuufanya ushuhuda wa askari, au wa waliomwona, usiaminike. Na mizani ya ushahidi ikisimama sawasawa pande zote mbili, shaka humwendea askari. Swali mnaloulizwa si kama mna hakika. Mnaulizwa kama inawezekana angalau nusu kwa nusu kwamba jeraha limetokana na utumishi. Ni kiwango cha hisani, kilichowekwa hivyo makusudi na watu waliojua vita. Msikipandishe kwa kalamu zenu.

Katika faili la Baba Salma kulikuwa na maelezo yangu, kurasa mbili, nimeyaandika mwenyewe na kuyatia saini. Nilieleza anavyorudisha gari nyuma kwa vioo tu. Nilieleza kwamba hawezi kutazama kabati la juu jikoni, kwa hiyo vikombe vyote tumevishusha. Nilieleza sala.

Hili la sala nalirudia hapa. Mwisho wa sala Mwislamu hutoa salamu: hugeuza uso kulia, kisha kushoto, mpaka aliyeketi safu ya nyuma aweze kuliona shavu lake. Ni shingo inayogeuka, mabega yametulia. Baba Salma siku njema uso wake hufika nusu ya njia. Siku mbaya shingo haigeuki kabisa; anageuza kiwiliwili kizima, bega na mbavu, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua. Na siku mbaya zaidi paji la uso halifiki chini wakati wa kusujudu, hivyo huswali amekaa kwenye kiti. Hupenda kiti cha jikoni, kile chenye mgongo ulionyooka. Nikiamka alfajiri nikakikuta kiti hicho sebuleni, kimeelekezwa kibla, najua bila kuambiwa siku hiyo itakuwaje: hataendesha gari, hatamnyanyua mdogo wake Salma, na jioni atakula amesimama karibu na kaunta ili asiinamie sahani. Katika mwezi niliouhesabu kiti kilitoka siku 11.

Siku 11 katika 30. Mpimaji hakuziuliza. Fomu ina swali: je, kuna nyakati maumivu yanapochachamaa? Katika ripoti yetu kisanduku kimetiwa alama ya hapana. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale na sikusikia swali hilo likiulizwa. Na maelezo yangu hayakutajwa popote katika kurasa zote za ripoti.

Hili ndilo hasa lililonifanya niandike, na nalisema bila kuzunguka. Goniometa hupima siku moja. Fidia ni ya ulemavu ambao mtu anaishi nao siku zote, na sheria imekwisha kulitambua hilo zamani. Tangu kesi ya DeLuca ya mwaka 1995, uchunguzi wa viungo hautoshi ukiishia kuhesabu nyuzi. Lazima useme pia maumivu, udhaifu na uchovu vinapunguza nini zaidi, hasa wakati wa kuchachamaa au baada ya kukitumia kiungo mara nyingi. Mwaka 2017, katika kesi ya Sharp, mahakama ikaongeza: ikiwa siku ya uchunguzi maumivu hayajachachamaa, mpimaji hawezi kuishia kusema kwamba hakuyaona. Ni juu yake kumwuliza askari yanakuja mara ngapi, yanakaa muda gani, yanamzuia nini, kisha kutokana na maelezo hayo na faili lote akadirie kadiri awezavyo hali ya siku ile mbaya. Na mwaka 2018, katika kesi ya Saunders, mahakama ya juu zaidi ya hiyo ikasema kwamba maumivu yanayomzuia mtu kufanya kazi yanaweza yenyewe kuwa ulemavu, hata kama hamjayapatia jina la ugonjwa.

Kuuliza, basi, si fadhila mnayomfanyia mtu. Ni sehemu ya kipimo, kama ile goniometa. Msipouliza hamjapima.

Najua jambo moja kuhusu kazi yenu, kwa kuwa nina shoga aliyewahi kuifanya. Mna orodha ndefu, fomu ni nyingi, na mtu wa pili amekwisha kaa nje akitazama saa. Sidhani mliamka siku hiyo mkitaka kumdhulumu mtu. Nadhani mlikuwa mnajaza visanduku, na kisanduku cha hapana ndicho kisichodai maelezo.

Kuna la mkono pia. Kwa kuwa mishipa ya fahamu ya mkono hutokea kwenye pingili za shingo, diski ikisukuma mshipa ganzi hushuka mpaka vidoleni, na kanuni zinataka hilo lipewe asilimia yake mbali na ya shingo. Baba Salma ana ganzi ya mkono wa kushoto, kidole gumba na cha shahada. Niliijua siku alipoangusha kikombe cha chai akadai kilikuwa na mafuta. Sasa Salma ndiye anayemfunga vifungo vya mikono ya shati siku ya Ijumaa, na wote wawili wanafanya kama ni mchezo wao. Ripoti ilisema hakuna dalili za mishipa ya fahamu. Nilipomwuliza kwa nini hakutaja mkono, alinitazama kwa mshangao wa kweli: "Mama Salma, aliniuliza shingo." Nikamwambia mficha uchi hazai. Akasema hakuficha, hakuulizwa. Na kwa mafunzo ya askari alikuwa sahihi: unajibu ulichoulizwa, unanyamaza.

Kule nilikozaliwa, jina lenyewe la mtaa ni kumbukumbu ya watu wa namna hii, waliobeba na kunyamaza. Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 mpaka 1918, walioyabeba majeshi kwa vichwa na mabega yao. Walikufa kwa maelfu kwa kuhara, malaria na njaa, na wengi mishahara yao haikuwafikia ndugu zao, kwa hoja kwamba hakuna aliyejitokeza kudai. Nilikua nikinunua mboga katika jina hilo bila kujua maana yake. Nalijua sasa, na nikimwona mume wangu akisema hana haja ya kusumbua watu na rufaa, nawaona wale ambao hawakudai.

Tulidai. Barua ya uamuzi ilipokuja nilizungusha duara jekundu kwenye kalenda ya msikiti iliyobandikwa frijini, mwaka mmoja mbele, kwa kuwa mtu akiuacha mwaka huo upite anaweza kupoteza tarehe yake ya kuanza kulipwa. Tangu Februari 2019 njia ziko tatu. Mtu anaweza kupeleka dai la nyongeza lenye ushahidi mpya. Anaweza kuomba mkaguzi wa ngazi ya juu alipitie faili lile lile, bila kuongezewa hata karatasi moja. Au anaweza kwenda Bodi ya Rufaa za Maveterani mbele ya jaji, na huko kusubiri ni kurefu. Tulisaidiwa na mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama cha maveterani, mzee mpole asiyetoza senti. (Dada zangu mnaosoma hii, mkidaiwa pesa ili mjaziwe dai la kwanza, ondokeni; sheria hairuhusu kulipia hilo.) Mzee aliisoma ripoti mara moja, akaweka kidole juu ya kile kisanduku cha hapana, kisha akafungua maelezo yangu, akaweka kidole kingine kwenye mstari wa siku 11. Akasema tuombe mkaguzi wa ngazi ya juu, kosa liko wazi, halihitaji karatasi mpya.

Na ikawa hivyo. Mkaguzi aliandika kwamba uchunguzi haukukamilika, kwa kuwa mpimaji hakuzingatia nyakati za kuchachamaa ingawa faili lilizieleza. Faili likarudishwa, ili Baba Salma apimwe upya. Hatujapata asilimia hata moja zaidi. Tumepata nafasi ya kuulizwa.

Kwa wakubwa wenu walioko Washington nina neno moja, halafu narudi kwenu. Mwenye ugonjwa wa diski huweza kuhesabiwa kwa siku za kulala kitandani, lakini ni zile tu ambazo daktari ameagiza alale na kumtibu. Daktari gani siku hizi humwandikia mtu wa shingo alale wiki mbili? Madaktari wenyewe huwahimiza wajongee. Siku za kitandani zipo, mimi ndiye ninayepeleka uji, lakini kwa kanuni hazipo. Kipengele hicho kitazamwe upya.

Nyinyi mnaopima nawaomba machache. Someni faili kabla mtu hajaingia, na mkikuta maelezo ya mke, ya mama, ya mwenzake wa kikosi, yatajeni katika ripoti, hata kama hamkubaliani nayo, mseme kwa nini. Anapoinama, mtazameni uso. Mwambieni kwa maneno kwamba hayumo mtihanini, aseme "hapa" maumivu yanapoanza, na kwamba kusema hivyo si udhaifu. Mwulizeni mikono. Mwulizeni amemeza nini asubuhi. Msimwulize kama maumivu "huchachamaa", kwa kuwa mtu aliyezoea kuumwa kila siku hajui kwamba siku zake mbaya zina jina. Mwulizeni siku mbaya ikija anashindwa kufanya nini, nani humfanyia, na siku hizo katika mwezi ni ngapi. Kisha andikeni nyuzi za siku hiyo, makadirio yenu, na mlivyoyapata. Mkishindwa kukadiria, elezeni sababu inayotokana na elimu ya tiba, isiwe tu kwamba hamkuwapo.

Miadi yake mipya ni Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi, kliniki nyingine. Tumekubaliana kwamba hatakandwa kwa maji ya moto, na vidonge atavimeza baada ya kupimwa, nami nitaendesha polepole. Atavaa shati lake la bluu la vifungo. Atasimama mtakapoingia, atatoa mkono, wa kushoto umeshika kiwiko. Mtamwuliza hali, naye atawajibu kwamba ni nzuri, anamshukuru Mungu. Mpokeeni salamu yake. Halafu toeni mikono kwenye kibodi, mkae, mnyamaze kidogo, na mumwulize habari za kiti cha jikoni.

Wenu kwa heshima,
Mama Salma
Texas